Furu wa Karani Audax

Kila jioni, akishavua viatu vya kazini, Audax alivuta kiti mbele ya sanduku la kioo akawasalimu furu wake. Aliachiwa na mkubwa wake wa kazi, Mzungu, alipokwenda kwao likizo: samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, madume wa buluu, wa njano, na wengine wenye vifua vyekundu. Kila dume alikuwa na jina la aina yake, na Audax aliyajua yote. Majike walikuwa wa kijivu.

"Hawa hawatambulikani," alisema. "Majike tu."

Mkewe, Tekla, aliweka chai. Tangu waje Kinondoni kutoka Bukoba, hakuna aliyemwita kwa jina. Bombani alikuwa mke wa karani. Nyumbani alikuwa "mke wangu", au "wewe". Mchana, nyumba ikiwa kimya, aliwatajia majike jina lake, angalau lisisahaulike.

Wakati wa Kwaresima ngozi yake ikaanza kuwa ya kijivu, kuanzia viwikoni. Alijipaka mafuta ya nazi, ikawa kazi bure. Jumamosi moja akavua kanga isije ikalowa, akaingia majini, mle sandukuni mwa furu.

Audax aliporudi alikuta kanga kitini na jike mmoja zaidi.

"Mke wangu, mbona hujapika?"

Majike wote wakaja kiooni.

"Mke wangu, mie nina njaa. Toka basi."

Tekla alisubiri. Angeitwa jina lake mara moja tu, angetoka. Audax alikuna kichwa, akajaribu "mama", akajaribu "wewe". Mwishowe akatumbukiza kikombe, akamchota aliyekuwa karibu, akamfunika kanga.

Alikuwa jike mwingine. Alisimama, akajifunga ile kanga, akaenda kuchochea moto. Audax alizisifu ndizi zake, akalala.

Jumapili wakaenda kanisani pamoja. Majirani walimsalimu mke wa karani kama kawaida.

Siku hizi, jioni, mwanamke yule huinama kiooni akimega mkate. "Tekla," huita taratibu. Na Tekla huja mbio.

"Unamwita nani?" Audax aliuliza siku moja.

"Huyu hapa."

Audax akamtazama yule samaki wa kijivu aliyeganda kiooni, mdomo wazi.

"Unawatambuaje? Mbona wote ni sawa," akasema, akaomba chai.