Pango Lisilofunga

Wapima ardhi wana ugonjwa wao mmoja. Wanaanzia kwenye jiwe la mpaka, wanazunguka shamba zima, na lazima vipimo viwarudishe kwenye jiwe lile lile. Vikikataa, wao husema havifungi, na mwenye kazi hiyo hapati usingizi. Mzee alifunga vipimo miaka thelathini na minane. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru yote, na huu ulikuwa mwezi wa nne hajatoka chumbani. Nyumba aliichora mwenyewe, lakini kuvuka ukumbi wake kwa kupapasa aliona ni fedheha.

Kitinda mimba wake, karani wa mahakama mwenye vidole vyepesi ajabu kwenye kompyuta, alikuwa amembembeleza atoke mpaka basi. Daktari alishaonya kwamba miguu isipotumika itasahau kazi. Binti aliogopa baba yake anajizika mwenyewe humo ndani, kidogo kidogo, kwa ukaidi tu.

Jumamosi moja asubuhi, akipanga ramani za zamani, alikuta karatasi ya ajabu: vyumba zaidi ya mia, mishale kila upande, na pembeni kwa wino mwekundu, HAIFUNGI. Akamuuliza mzee ni shamba la nani. Mzee akanuna, kisha akasimulia. Ulikuwa mchezo kwenye kompyuta ya kwanza kabisa ofisini kwao, hauna hata picha moja. Unakuambia kwa maneno uko wapi pangoni, nawe unaandika unachotaka kufanya. Aliupima miezi mitatu wakati wenzake wakila chakula cha mchana. Unakwenda kaskazini, unarudi kusini, unatokea chumba kingine. Akaamua aliyeutunga hajui hesabu, akanawa mikono.

Binti aliupata mtandaoni, mdogo kuliko picha moja ya simu yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anamsomea kwa Kiswahili.

"Uko kwenye ukumbi wa mawe. Dari haionekani. Upande wa mashariki maji yanatiririka gizani."

Binti akajikuta ameinua macho kuitafuta dari. Michezo ya siku hizi aliijua, ile unayoweza kuhesabu nywele za shujaa, na hakuna hata mmoja uliowahi kumsisimua mwili namna hii. Ni watu gani hawa waliochimba mlima mzima kwa sentensi tatu? Mzee naye alikuwa ameshatangulia. Alimwambia asishuke ngazi kabla ya kuchukua mafuta ya taa, ainame, apite kushoto. Humo ndani asiyeona alikuwa binti, na baba alikuwa amemshika mkono.

Wakafika kwenye vyumba vinavyofanana, pale pale alipokuwa akikwama zamani. Mzee akamwagiza aache kikombe walichookota njiani kiwe alama, aende kaskazini, arudi kusini. Kikombe hakikuwepo. Binti akangoja lawama.

"Mimi nilikuwa napima," mzee alisema polepole. "Huyu bwana aliyeutunga hakutaka upimwe. Alitaka mtu atembee."

Basi wakatembea. Waliacha kamba chumba hiki, ufunguo chumba kile, wakapotea, wakacheka, wakapotea tena. Karibu na adhuhuri wakatokea mahali ambapo maelezo yalijaza kioo kizima: ziwa linalotoa mwanga, na juu yake nguzo za chumvi, ndefu, nyeupe, hazina idadi. Binti alisoma hadi neno la mwisho. Machozi yalimtoka mzee wala hakuyafuta.

"Lilikuwa hapa miaka yote," alisema.

Binti alikwenda kuchemsha chai. Aliporudi alimkuta baba yake amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango wa chumba.

"Niambie nilipo," mzee alisema.

Binti alitaka kumrukia amshike. Akajizuia, akaweka vikombe chini.

"Uko mlangoni. Mbele yako kuna ukumbi. Kushoto kuna kabati. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa nje, umefungwa."



"Nenda mbele," mzee akajiamuru, akaenda. Goti likagonga kabati, akamlaani fundi seremala na ukoo wake, akaendelea. Binti alimfuata nyuma, mikono amejikumbatia isije ikamsaidia. Hatua kumi na moja, kisha kiganja cha mzee kikagusa mbao.

"Fungua mlango," alisema, na vidole vyake vikaanza kutafuta kitasa.