Kiini Kilichoamka

Mwaka ule kideri kilipofagia kuku wa Maore, Waingereza wakiwa bado wamekaa boma la Same kama walizaliwa humo, alikuja mzungu mtaalamu. Hakuwa wa kodi wala wa dini, kwa hiyo tulimpenda kidogo. Alitaka tumchotee mchanga mweusi wa mtoni, ule ambao babu zetu waliuyeyusha wakapata chuma, akaupige kwao Ulaya kwa mwanga usioonekana.

Mkalimani wake alikuwa Eliufoo, kijana wa hapa hapa, aliyekwenda Moshi na shikamoo akarudi hana.

Mtaalamu alieleza, kama tulivyokuja kujua baadaye, kwamba ndani ya chuma mna kitu kidogo mno chenye usumaku wake. Mwanga ule ukikigonga kinaamka, kinageuka, kisha kinatulia na kuutema. Yeye alitaka kujua kinaamkaje. Eliufoo akauliza kitu chenyewe kinafananaje. Mzungu akachora duara chini, na ndani yake duara dogo, akafungua kamusi akasoma: kiini.

Uso wa Eliufoo ukang'aa. Akatugeukia, akatuambia Bwana anataka mayai. Mchanga na chuma aliviruka. Alidhani ni maneno ya kupambia hotuba, wakubwa hupenda hivyo. Mzungu alisikia kiini, kiini, akaitikia kwa kichwa, akapanda gari kwenda kungoja Same.

"Na si mayai ya hivi hivi," Eliufoo akaongeza. "Kiini kilicholala hakina faida. Bwana anataka kilichoamka."

Kwetu yai la namna hiyo ni lile lililo chini ya kuku tu. Na kuku aliyekuwa akiatamia Maore nzima alikuwa mmoja, wa mjane Koleta. Kideri kilimwachia huyo peke yake, naye kuku alikuwa karibu kuangua. Mayai yale yakienda, Koleta hana kuku tena, na sisi majirani hatuna pa kuomba mbegu.

Eliufoo akamfuata na askari wa mfumwa, yaani chifu wetu. Koleta hakubisha. Mbele ya askari mtu habishi, anakubali mpaka mwenzake achoke. Akasema sawa, ila yai likipoa kiini kinalala; Bwana akipelekewa kilicholala, atakayejibu ni nani? Eliufoo akafikiri. Hakuwa na mazoea ya kazi hiyo, ikachukua muda. Akaamua kuku aende na mayai yake, na Koleta aende na kuku wake. Mimi nilipanda lori ili nisaidie kucheka.

Huko Same tenga likawekwa juu ya meza ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Eliufoo akalifunua kwa madaha. Kuku akamdonoa, akakanyaga mafaili, akatorokea dirishani. Mtaalamu aliyatazama yale mayai, akatafuta kiti. Bwana Shauri, ambaye kumbe Kiswahili alikijua vizuri kuliko alivyotuonyesha barazani, alicheka hadi akavua miwani. Ndipo tukaelezwa habari ya mchanga.

Koleta hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mayai.

"Bwana, yanapoa," akasema. "Aliyeyatoa chini ya mama yao ndiye awe mama yao."

Bwana Shauri akaona ni hukumu nzuri, akaipitisha. Kuku alikamatwa nyuma ya boma, lakini kwa hasira zake hakutaka hata kuyaona mayai. Basi Eliufoo akafungua koti la Moshi, tukampangia mayai tumboni, ndani ya shati.

Kila lori lilipoingia shimoni, Koleta alimwambia kwa upole, taratibu mwanangu. Waliopandia Kisiwani walimuuliza Eliufoo anatarajia kujifungua lini. Tulipokaribia Gonja, yai la kwanza likapasuka. Eliufoo akataka kuinuka.

"Kaa," Koleta akamwambia. "Ukisimama unaua."

Akakaa, jasho linamtiririka, amejikumbatia hadi Maore. Vifaranga wakatolewa mmoja mmoja, wote hai, wakapelekwa kwa kuku, naye akawapokea bila maswali. Mmoja tu alikataa. Eliufoo alipoinua mguu aondoke, akamfuata akilia.

Tulimwambia Koleta amshike. Akasema aachwe amsindikize, atarudi mwenyewe akiona njaa, maana mama yule hajui kuchakura.