Kibanda cha Kususa

Nianze na msumari, maana ugomvi wote ulikuwa wa msumari.

Kwenye ukuta wa baraza ya chama chetu cha wawindaji wa bata kuna safu ya misumari, mmoja kwa kila kibanda cha matete kilicho kando ya ziwa. Ukipata bata wako wa kwanza wa msimu, unamtundika kwenye msumari wa kibanda chako, watu wanamwona, na kibanda kinabaki chako mwaka mwingine. Msumari ukikaa mtupu mpaka jua la siku ya mwisho lizame, unang'olewa kwa koleo mbele ya wote, na nafasi anapewa mwingine. Sheria hiyo nimeikuta na sina neno nayo. Neno nilikuwa nalo na watu walioukodolea macho msumari wa baba yangu tangu siku alipoanguka kwa kiharusi.

Wa kwanza wao ni mtoto wa shangazi yangu, dereva wa teksi, mdomo asali tupu.

Alinijia karakana siku moja nikiwa nang'oa pini kwenye kochi kuukuu. Mimi ni fundi makochi, na kazi hiyo inataka utulivu ambao mtu huyo hana.

"Dada, tusidanganyane," alisema, akijikalisha kwenye kochi la mteja bila hata kuuliza. "Kile kibanda cha mjomba kimekaa vibaya. Kihamishie upande wa mjini, kiangalie milima kama vya wenzake. Mwenyekiti hana kipingamizi."

"Hakihami."

"Basi msumari ukitoka nitakichukua mimi, nikihamishe mwenyewe. Nakwambia kwa wema tu."

"Wema wako peleka kwenye teksi. Na uondoke kwenye hilo kochi, lina mwenyewe."

Ukweli ni kwamba kibanda kile kilikuwa kichekesho cha chama kizima. Bata akitua huelekeza kifua kwenye upepo, na upepo wa kwetu hutoka mjini karibu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo wawindaji wote wamejenga upande wa mjini, upepo ukiwa mgongoni mwao, na bata huwajia uso kwa uso. Baba peke yake alijenga ng'ambo, chini ya milima, akaipa milima mgongo na kuutazama mji. Kimekaa kule kama mtu aliyegombana na wenzake mezani, akabeba sahani yake akaenda kulia peke yake. Wakakiita Kibanda cha Kususa. Baba hakuwahi kuwaeleza kwa nini alijenga vile, na alipokuwa mzima hakuna mwaka ambao msumari wake ulibaki mtupu. Walisema ana bahati.

Msimu huu bahati ilitugomea. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na hali nzuri ya hewa ni balaa kwa mwindaji. Jua lilitoka kila asubuhi, ziwa likalala kama shuka iliyopigwa pasi. Bata wengi hawakufika kabisa. Kule wanakotoka maji yalikuwa bado hayajaganda, na bata haachi chakula chake kwa sababu kalenda imemwambia aondoke. Wachache waliotangulia walikaa katikati ya ziwa wakiota jua, mbali na bunduki zote. Wenzangu wa upande wa mjini walijipatia mmoja mmoja kwa taabu. Mimi sikupata hata unyoya.

Kila nikirudi, baba alinisubiri kitandani karibu na dirisha. Maneno yake sasa yalitoka kwa tabu, moja moja. Hakuuliza nimepata nini.

"Upepo... wa wapi?"

"Wa mjini, baba."

Anafumba macho, basi mpaka kesho. Shangazi, aliyekuja kusaidia kumuuguza, alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Kaka yangu akili zimeshaondoka. Kila siku upepo, upepo. Mwachie mwanangu kibanda, mama, upumzike." Nilimpenda shangazi yangu, lakini siku hiyo nilitamani kumfungia mlango.

Siku ya kufunga msimu nilifungua karakana kama kawaida, kwa hasira, nikijua naenda jioni kushuhudia aibu yetu. Haukupita muda, mlango wa bati ukabamizwa. Mlango ule huwa unabamizwa kuelekea nje. Safari hii ulibamizwa kuja ndani. Nikatoka barabarani nikatazama bomba la kiwanda cha mikate. Moshi wake, ambao miaka yote huinamia ziwani, ulikuwa umelala juu ya nyumba za watu. Baridi ikanipiga usoni, na nyuma yake mvua.

Nikaacha kochi matumbo nje. Nikatoa bunduki ya baba kwenye kabati na kuondoka mbio.

Barazani wanaume walikuwa wamebanana wakinywa chai. Mwenyekiti, ambaye ni kinyozi na hupenda kusema kana kwamba kichwa chako kiko mikononi mwake, aliniona.

"Binti, unakwenda wapi? Leo hata bata mwenyewe kajifunika. Tumeshapigiana simu, msimu tumeufunga."

"Mimi hamkunipigia."

"Na hali hii?"

"Jua halijazama."

"Jua gani? Umeliona wapi?" akadakia mtoto wa shangazi, na wote wakaangua kicheko. Koleo lilikuwa limechomoza kwenye mfuko wake wa koti. Nililiona, na damu ikanichemka.

Niliwapa kisogo nikashika njia ya matope. Upande wa mjini mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya vibanda vyao, upepo ukiingia kwa mbele na kutokea kwa nyuma. Lakini nilipozunguka ziwa na kuingia chini ya milima, nilisimama. Milima ilikuwa imeukinga upepo. Mbele ya kibanda cha baba palikuwa na maji yaliyotulia, pembe moja tu, katika ziwa zima lililochafuka.

Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda chake. Nikaelewa, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Walikuja. Wale wa katikati ya ziwa walifukuzwa na mawimbi. Wengine walishuka kutoka mawinguni, wageni waliosukumwa na baridi kutoka mbali, wamechoka, wakiruka chini kabisa, makundi kwa makundi. Wote walitaka pembe ile ya maji matulivu, na wote walielekeza vifua milimani, yaani kwangu. Risasi ya kwanza nilikosa. Ya pili sikukosa, wala ya tatu. Wengine nikawaacha watue. Wawili walinitosha, mmoja wa ukuta na mmoja wa sufuria.

Nilifika barazani nimelowa chapachapa, na mwanga bado upo. Msumari haukuwepo. Ulikuwa kwenye kiganja cha mtoto wa shangazi, akiwaonyesha wenzake ulivyopinda. Kicheko kilikatika.

"Dada, mbona..."

Nikamnyang'anya msumari. Nikamnyang'anya na koleo. Nikauweka msumari kwenye tundu lake na kuugongelea kwa koleo lile lile lililoung'oa, mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Kisha nikamtundika bata wangu, maji yakamchuruzika hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.

"Tulishafunga, binti," alisema, kwa sauti ndogo.

"Basi ung'oe. Nimesimama hapa, nakutazama."

Hakuna aliyenyanyuka. Mwenyekiti alimtazama bata, akatazama nje, mwanga ulikuwa bado unaonekana, akavuta miguu yake kutoka kwenye maji. Nikamrudishia mtoto wa shangazi koleo lake na kuondoka.

Baba alikuwa macho. Shangazi alikuwa jikoni, sufuria zikilia.

"Upepo... wa wapi?"

Nikamwekea bata mapajani, mkono wake mzima ukamshika shingoni.

"Wa milimani, baba."

Nusu ya uso wake ikacheka. Akauliza tena, na si kwamba hakusikia. Nikamjibu tena, kwa sauti ya kufika jikoni.