Mita Thelathini

Kaka yangu Eleuterio alikwenda kupiga kura ya kutumaliza akiwa amevaa shati alilonunuliwa na Injinia Lizárraga. Nasema hivyo hivyo, sina muda wa kupaka maneno mafuta. Mimi ni Otilia, mtengeneza fataki wa Santa Rita Tepolco kama baba na babu yangu, na ukiniudhi nitakuudhi zaidi.

Sheria yetu ilikuwa fupi. Kati ya karakana ya baruti na nyumba ya mtu, mita mia moja za ardhi tupu, na mwenye ardhi afyeke nyasi kila kiangazi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wetu watengeneza fataki. Haikushuka mbinguni, sheria hiyo. Ilipitishwa baada ya mjomba wetu kuzikwa ndani ya ndoo.

Uwanja ulio mbele ya karakana yangu ulikuwa urithi wa Eleuterio, naye akamuuzia Injinia bila kuniambia hata neno. Zikatangazwa nyumba za kisasa, ukazungushwa waya, akawekwa mlinzi. Mwanafunzi wangu wa karakana, Amadeo, alipokwenda kufyeka kama kawaida, mlinzi alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Kijana akanirudia akitema meno. Tangu hapo hakuna aliyefyeka, nyasi zikakauka zikiwa zimefika kiunoni.

Amadeo ni mtoto wa pekee wa Eleuterio, lakini kazi alijifunza kwangu. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Baba yake hakulala kwa kumfikiria. Alitaka amtoe kwenye baruti, na Injinia alikuwa amemwahidi kijana nyumba ya kwanza, yenye bafu la vigae. Kilichobaki ni halmashauri kukubali mita mia ziwe thelathini.

Siku ya kikao, mchana, ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Amadeo alibaki karakana akimalizia fahali wa karatasi anayefungiwa fataki siku ya sikukuu.

"Mheshimiwa meya," nikasema, "mita thelathini ni umbali wa kutemeana mate. Jiko la jirani likitoa cheche, mimi na kijana mtatuokota kwa kijiko."

"Mama, watu wanataka nyumba," akasema Injinia. "Wewe unatetea vichaka."

"Vichaka ni vyako. Vifyeke basi."

Watu wakacheka. Ndipo akasimama Nicolasa, yule anayeuza tamale za unga wa mahindi sokoni. "Otilia, wewe una kwako. Mimi na wanangu tunalala chumba kimoja na mkwe anayekoroma. Hizo mita zako zitatulaza?"



Eleuterio akainuka kwenye kiti chake cha udiwani. "Dada, unataka mwanangu azeeke na baruti kwenye kucha kama wewe? Kama hukujaliwa kuzaa, usinizikie wangu."

Kwenye meza ya meya kulikuwa na kengele ya shaba. Sikumbuki kuichukua. Nakumbuka pua ya kaka yangu ikivunjika, na lile shati jipya likilowa mpaka kifungo cha mwisho. Baada ya hapo ukumbi mzima ukachafuka. Wenye karakana wakawavamia vibarua wa Injinia, viti vikapasuliwa vichwani mwa watu, mtu mmoja akatoa panga na mwingine akang'atwa sikio. Polisi wakanilaza chini, goti shingoni. Kura ilipigwa nikiwa hapo sakafuni, naiona mikono ikiinuka kupitia miguu ya meza. Mita thelathini zikapita.

Sasa, kwetu mwenye kushinda jambo, awe ameoa au ameshinda kesi, hurusha roketi tatu kwa mkono kabla ya kutia chochote kinywani. Asiyerusha huonekana ushindi wake ni wa wizi. Eleuterio hakukubali kuonekana mwizi. Akatangulia na tarumbeta na ngoma mpaka kwenye waya wa uwanja, Injinia akimpigapiga mgongoni. Polisi waliponiachia nikawafuata mbio.

"Eleuterio," nikamwambia, "tazama nyasi. Mwanao yumo ndani kule."

"Roketi zinakwenda juu, dada. Umenifundisha mwenyewe."

Ya kwanza ilikwenda juu. Ya pili ilikwenda juu. Mkono wake ulikuwa umelowa damu ya pua niliyoivunja mimi, na ya tatu ikamteleza wakati inawaka. Ikaruka upande, ikazama nyasini.

Upepo ulikuwa unaelekea karakana. Moto ulikimbia kuliko sisi. Eleuterio aliuruka waya kama kijana, nyama za mapaja zikibaki kwenye miiba, akiita jina la mwanawe. Amadeo akatokea mlangoni, miguu mitupu kama tunavyofanya kazi, akauona moto, akainua ndoo ya maji. Alifanya nilivyomfundisha. Alimwaga ndoo ya kwanza akageuka kuchukua nyingine, na karakana ikalipuka.

Baba yake alimfikia. Alimshika kiganja akaanza kumvuta, na hapo chumba cha pili nacho kikalipuka. Tulimkuta Eleuterio amelala kifudifudi, mkono wake wa kulia umekatika kwenye kifundo. Amadeo tulimkusanya kwa shuka. Nililia mpaka nikatapika, kisha nikamtafuta Injinia nimuue, naye alikuwa ameshapanda gari.

Baada ya siku za maombolezo halmashauri ilikaa tena. Madirisha yaliyopasuliwa na mlipuko yalikuwa bado hayajawekewa vioo. Nicolasa alikuwepo, bado analala na mkwe wake chumba kimoja. Nilikaa nyuma ya kaka yangu. Tulikuwa hatujasemezana tangu mazishi.

"Wanaotaka mita mia zirudi," meya akasema, "wainue mkono wa kulia."

Eleuterio akainua wake, mkono wa shati umeshonwa mwisho wake. Nadhani alisahau, au hakusahau. Meya alikuwa akihesabu viganja, akafika kwake akaacha kuhesabu.

"Na huo," nikamwambia meya, "uhesabu."