Vigingi vya Dereva

Sindano alikuwa anashona pindo la sare ya shule alipoona kwamba mpaka wa shamba lake umeota tumbo.

Dirisha la chumba chake cha cherehani lilitazama mpakani, na macho ya fundi nguo huzoea mistari. Anajua mshono ulionyooka na mshono uliovuta. Jana yake vigingi vilisimama sawasawa, kuanzia jiwe la mpaka la juu karibu na barabara hadi jiwe la chini kule bondeni. Leo vile vya katikati vilikuwa vimejongea pembeni, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Alizima redio, akavaa ndala, akatoka kwenda kutazama.

Vigingi vilikuwa vya jirani yake, mwanamume aliyeendesha malori miaka mingi mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Hata baada ya kustaafu na kurudi kwenye shamba la wazazi wake, watu wote walimwita Dereva. Alirudi na kukuta njia ya miguu ikipita pembezoni mwa shamba lake, upande wake wa mpaka, kutoka bondeni hadi nyuma ya nyumba ya mama yake. Watu walipita, mbuzi walipita, na siku moja ng'ombe wa mtu wakapita pia wakamkanyagia kitalu cha vitunguu chote. Siku hiyohiyo Dereva akaamua kujenga ua. Mtu aliyezoea kufunga mzigo wake kwa kamba na turubai hana raha akiwa na shamba lililo wazi. Akapigilia vigingi kuonyesha ua utakapopita, akamwita Sindano ashuhudie, na hapakuwa na ubishi. Hata vitambaa vyekundu vilivyofungwa juu ya vigingi vilitoka kwenye mabaki ya nguo ya Sindano mwenyewe.

Kwa hiyo alisimama mpakani akakuna kichwa. Vigingi kuhama si jambo geni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na kesi za namna hiyo za kutosha. Kilichomshangaza ni upande vilikohamia. Vilikuwa vimeingia ndani ya shamba la Dereva. Mtu alikuwa amempa Sindano ardhi asiyoiomba.

Sindano, mjane aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa mdomo uliochoma, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona jambo lisiloeleweka akalipita. Lakini hakuwa mjinga. Akivirudisha vigingi mwenyewe na mtu akamwona na kigingi mkononi, atajieleza mpaka lini? Akaenda kumwita Dereva. Dereva alikuja, akatazama. Alivirudisha vigingi mahali pake kwa nyundo, na alipokuwa akiondoka Sindano alimwona akimtazama miguu, kwenye matope yaliyokauka kwenye ndala.

Siku iliyofuata tumbo lilirudi.

Safari hii Dereva hakuwa na subira. Alisema amesafiri nchi nyingi na hajawahi kukutana na kigingi chenye miguu. Sindano akamjibu kwamba yeye naye hajawahi kumwona mwizi anayekwenda kumwita mwenye mali aje aone. Dereva akasema wapo, tena wengi, na ndio wabaya zaidi. Wakaachana hivyo, kila mmoja akiwa amevimba.

Jioni Sindano alimpigia simu dada yake wa mjini, ambaye hukosa usingizi siku asipopata jambo la kushuku. Dada alisikiliza, akatoa hukumu hapohapo: Dereva anavihamisha mwenyewe ili amsingizie. Leo anakupa kipande kidogo, kesho anakushtaki, keshokutwa anadai fidia ya nusu ya shamba. Sindano alikubali kwamba maneno hayo yana akili. Alipokata simu, hata hivyo, aliyaona hayakai sawa, kama shati lililokatwa vizuri kwa vipimo vya mtu mwingine. Dereva alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuzunguka. Akitaka kukugombeza huja mlangoni kwako akakugombeza.

Basi aliamua kutafuta mkono wenyewe. Vigingi vilihama mchana, hilo alilijua, kwa kuwa asubuhi vilikuwa sawa na alasiri havikuwa sawa; tena ni ile saa ambayo yeye mwenyewe huacha cherehani akaingia jikoni nyuma kupika, na Dereva hulala. Asubuhi, Dereva alipokwisha kuvinyoosha vigingi vyake na kuondoka, Sindano alishuka mpakani na chaki yake ya bluu, ile ya kuchorea nguo kabla ya kukata. Akaisaga ndani ya kiganja, akaupaka unga wake kwenye vigingi vya katikati, juu karibu na kitambaa, mahali ambapo mkono hauna budi kushika. Chaki hiyo haitoki kwa kujifuta tu. Alishawahi kwenda kanisani na masikio ya bluu.

Alipomaliza kupika alirudi dirishani. Tumbo lilikuwepo. Hakupoteza wakati, alifunga mlango akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Dereva kabla yeye hajatoka kuona.

Dereva alitoka ndani akiwa bado na alama za mkeka shavuni. Sindano alimpa mkono, jambo ambalo si kawaida kwa watu waliovimbiana, akaushika muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akaugeuza kidogo. Ulikuwa mkono mgumu wa usukani, na ulikuwa safi kama sahani. Akauachia mkono ule taratibu na kusema kwamba vigingi vimehama tena. Dereva alishusha pumzi, akasema hapo sasa ni kwa mwenyekiti, akaingia ndani kutafuta shati.

Barazani alibaki mama yake, mwanamke mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage kwenye ungo. Sindano alimwamkia, akaitikiwa, na akawa anatafuta la kusema ndipo alipoona. Kwenye khanga ya Bibi, kiunoni, pale ambapo mtu hujifuta mikono bila kufikiri, palikuwa na alama za vidole. Za bluu.

Bibi aliyafuata macho ya mgeni wake mpaka kiunoni.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Naona rangi, mama."

"Mimi nilidhani ni ukungu wa miti."

"Si ukungu. Ni chaki yangu."

Bibi alifungua kiganja, akakitazama kama mtu anayesoma. Kisha akacheka bila sauti, mabega yakitikisika na maharage yakiruka kwenye ungo. Akainuka, akamwashiria Sindano wazunguke nyuma ya nyumba.

Nyumba ya Bibi, ambamo Dereva naye aliishi tangu arudi, ilikuwa ndogo, vyumba viwili, imejengwa karibu sana na mpaka, na dirisha lake la nyuma lilitazama ile njia. Kule bondeni, alieleza, aliishi mwenzake. Waliolewa mwaka mmoja, wakazaa pamoja na kuzika waume zao pamoja. Miaka yote huyo mwenzake alipanda kwa njia hii, polepole, kwa sababu ya goti, wakaketi hapa mpaka jua linapopungua. Kwa barabara ni mzunguko mrefu na kuna daraja la magogo ambalo goti lile haliliwezi. Tangu mwanawe aifunge njia kwa miiba, akingoja nguzo za ua, mwenzake hajafika.

Sindano akauliza kwa nini basi vigingi. Bibi akamtazama kama anayemwonea huruma. Njia iko upande wa mwanawe. Mpaka ukisogea kidogo, njia inakuwa upande wa Sindano, nje ya ua. Na Sindano ana mdomo, ndiyo, lakini kila mtu anajua hajawahi kumfukuza mtu shambani kwake.

"Mlangoni asingefika, kwa sababu ya ua," alisema Bibi. "Lakini angefika hapa dirishani. Ingetosha."

 Sindano alikuja akiwa na maneno makali tayari ulimini, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alichoweza kusema ni kwamba anaelewa, lakini kesho mwenyekiti atakuja, na mbele ya mwenyekiti mwizi atakuwa yeye. Bibi akamshika mkono, akamwachia bluu kidogo, akasema asimwambie mwanawe lolote. Kesho yeye mwenyewe atakuwepo.

Kesho yake mwenyekiti alifika, mtu mnene asiyependa matope, wakasimama watatu juu kwenye jiwe la barabarani. Bibi hakuwepo. Dereva alieleza habari yake kwa mpangilio, na Sindano alikiri moyoni kwamba kama asingejua ukweli hata yeye angemhukumu Sindano. Mwenyekiti akamgeukia, akamuuliza kama vigingi anavihamisha yeye.

"Siyo mimi," alisema Sindano. "Anayevihamisha namjua. Ila si mimi wa kumtaja."

Dereva akasema hapo ndipo mwenyekiti ajionee mwenyewe. Mwenyekiti akasema anayeficha mwizi naye ana mashaka.  Sindano alitazama njia ya kutokea nyumba ya Bibi, hakuona mtu. Alianza kufikiri kwamba ameachwa kwenye mataa, na kwamba labda alistahili, maana nani alimtuma kutafuta mikono ya watu?

Ndipo wakasikia kishindo kutoka chini. Kishindo kizito, kikanyamaza, kikaja tena.

Katikati ya mstari, jua likiwa kali kichwani, Bibi alikuwa amejifunga khanga kiunoni na kuinua mchi wa kinu kwa mikono miwili, akipigilia kigingi ndani ya shamba la mwanawe. Hakuwa anajificha. Alipiga, akapumzika, akapiga tena.

Dereva alishuka mbio mpaka wenzake wakaachwa nyuma. Alipofika alisimama, mikono ikining'inia.

"Mama."

"Shika hapa," alisema Bibi bila kugeuka. "Kinalegea."

Na Dereva, mwanamume mwenye mvi, akainama akashika. Ndivyo mwenyekiti na Sindano walivyowakuta: mwana amepiga magoti anashika kigingi kinachomnyang'anya shamba, mama anapigilia. Alipotosheka Bibi aliegemea mchi wake, akavuta pumzi. Mwanawe akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwake, kwa nini hakumwambia.

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ulisema tutazungumza. Mara ya pili ulisema mwenzangu apite barabarani kama watu wengine. Apite na goti la nani?"

Dereva akasema habari ya ng'ombe na vitunguu. Bibi akamjibu kwamba mwenzake hana ng'ombe, na vitunguu hali. Mwenyekiti aligeuka akakohoa kikohozi kirefu kisichokuwa cha kifua, kisha akasema kwamba, kwa anavyoona yeye, hili ni la familia na halina haja ya ofisi. Akaondoka akiruka matope.

Dereva aliving'oa vigingi kimoja kimoja, akavirudisha kwenye mstari, na mama yake hakumzuia. Mpaka ulikuwa mpaka. Hilo hata Bibi hakulibishia. Lakini nguzo zilipofika, njia iliachiwa nafasi ndani ya shamba, na kule chini ua ulipokatiza njia, Dereva aliweka upenyo mwembamba uliopinda, wa mbao za ubavuni mwa lori kuukuu, ambao mtu hupita kwa kugeuka na ng'ombe hukwama begani. Aliujaribu kwa ng'ombe wa watu watatu tofauti kabla ya kuridhika. Pembeni akaweka mhimili wa kushika, kwa ajili ya goti.

Kwa Sindano alikuja jioni moja, akasimama mlangoni akizungusha kofia.

"Nilikutazama miguu siku ile," alisema.

"Nilikuona."

"Haikuwa vizuri."

"Haikuwa. Ingia, unaniletea mbu."

Mwenzake Bibi alipanda kwa mara ya kwanza siku chache baadaye, mwanamke mdogo kama mtoto, akashika mhimili, akageuka, akapita. Sindano alimwona kupitia dirishani na hakuweza kukaa. Alichukua kiti kizuri alichonacho akakipeleka nyuma ya nyumba ya Bibi, kwa nia njema tu, si kwa kingine. Wale wawili walikuwa wanaongea kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na walipomwona wakanyamaza. Wakamshukuru kwa kiti. Wakangoja. Alipopiga kona ya nyumba aliwasikia wameanza tena, na baadaye kicheko kirefu ambacho kilimfuata hadi nyumbani.

Alijaribu mara nyingine kwa kisingizio cha kumpima Bibi gauni, akapata ukimya uleule wa adabu. Mwishowe alimuuliza Dereva, aliyemkuta akipaka mafuta bawaba za dirisha la nyuma la mama yake, bawaba ambazo zilikuwa na mafuta tele tangu juzi. Hivi wazee hawa wanaongea nini siku zote hizo?

Dereva aliweka kidole mdomoni, akasogeza sikio ukutani, akamwashiria Sindano asogee na yeye.