Maji Hayakuwa Sehemu ya Shauri

Saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajaletwa kujifunza kuogelea, mwangalizi wa bwawa alipima klorini, akaandika kipimo ubaoni, kisha akamwita binti yake aje kusugua vigae. Binti, ambaye pale bwawani kila mtu alimwita Kambale, alivua ndara, akashika brashi ya mpini mrefu, akashuka ngazi. Maji yalisogea. Yalimwachia hatua moja kila upande, yakasimama wima, naye akatembea hadi chini kabisa akiwa mkavu. Ilikuwa hivyo tangu chama cha kuogelea kilipomfungia miaka minne. Faida yake ni kwamba bwawa halikuhitaji tena kukaushwa ili lisafishwe.

Barua ya kumfungia ilisema asijihusishe na shughuli yoyote ya majini, na maji yaliifuata kama ilivyoandikwa. Ya kunywa yalimkubali, kwa kuwa kanuni zilikuwa na kipengele cha mahitaji ya kiafya. Kuoga, alijifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mvua ilimkwepa, kwa hiyo ikinyesha mama yake alimtuma yeye dukani.

Kosa lenyewe halikuwa lake. Chupa ya mkojo iliyokutwa na dawa zilizokatazwa michezoni ilikuwa ya mtu mwingine, tarakimu mbili za namba yake zimebadilishana nafasi, jambo ambalo hata mlevi angeliona. Mahakama ya usuluhishi wa michezo, iliyo nchi ya mbali, ililiona kwa nusu siku. Wasuluhishi watatu waliandika kwamba binti ni safi, na adhabu imefutwa tangu mwanzo. Jioni ile, hotelini, alifungua bomba la bafuni na maji yakamlowesha. Alikaa chini ya bomba saa mbili nzima akilia. Alisafiri na nywele mbichi. Zilikauka uwanja wa ndege wa nyumbani, pale alipogongewa muhuri wa kuingia.

"Uamuzi wa kule huku haujatambuliwa," wakili wake alimweleza. "Mahakama yetu iutambue kwanza, ndipo chama kilazimishwe."

"Na maji?"

"Nayo yanafuata utaratibu, dada yangu."

Chama kingeweza kutii kwa hiari. Lakini mwenyekiti alikwisha kumwita Kambale mdanganyifu kwenye televisheni, na hakuwa mtu wa kulamba matapishi yake.

Masjala ya mahakama ilitaka nakala halisi ya uamuzi. Ilipoletwa, ikatakiwa tafsiri. Tafsiri ilipoletwa, ikakosa kiapo cha mtafsiri. Kiapo kilipopatikana, jaji alikuwa amehamishwa, na aliyekuja akaanza moja. Mwaka wa tatu ndoo ya maji iliingizwa mahakamani kama kielelezo. Kambale alitia mkono. Maji yalipanda ukingoni, yakamwagika sakafuni, yakapita pembeni mwa viatu vyake. Karani aliandika: maji yamekataa.

Wakili wa chama alisimama kupinga. Alisema maji hayakuwa sehemu ya makubaliano ya usuluhishi. Ni mali ya mamlaka ya maji, nayo haikuunganishwa kwenye shauri. Jaji alisema hoja ina uzito, akaahirisha kwa miezi mitano. Mhudumu akaja kudeki.

Kufikia hapo Kambale hakutaka tena mashindano. Umri ulishampita, na mabega yake yalikuwa yamekwisha. Alitaka siku moja tu.

"Yakinipokea hata siku moja kabla ya adhabu kwisha, itajulikana sikukosa," alimwambia baba yake. "Yakinipokea baada ya hapo, nimetumikia kifungo kama mwizi."

"Siku moja si kitu kwao, mwanangu. Watakupa."

Hukumu ilisomwa asubuhi ya siku ya mwisho ya ile miaka minne. Jaji aliusifu uamuzi wa wasuluhishi, akasema umeandikwa vizuri na hana shaka nao. Lakini kwa kuwa adhabu inakwisha leo, hakuna kilichobaki cha kutekelezwa. Shauri limepitwa na wakati, linafutwa.

"Leo bado ipo, mheshimiwa," Kambale alisema kutoka kwenye benchi.

Karani alimwashiria akae. Kambale alitoka hapo moja kwa moja hadi bwawani, akashuka ngazi. Maji yalisogea. Alikaa chini kwenye vigae vikavu mpaka baba yake alipokuja na funguo.

Kesho yake alishuka na brashi kama kawaida. Maji hayakusogea. Yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, ya baridi. Brashi ilimponyoka ikaelea.

Baba yake alikuwa amesimama ukingoni na kipima klorini mkononi.

"Yamekupokea," alisema.

"Yamenisamehe, baba. Na mimi sikuwa na kosa."

Mzee aliivuta brashi kwa mguu, akaiegemeza ukutani, kisha akaenda ubaoni na kuandika kwamba kesho bwawa litafungwa na kukaushwa ili lisafishwe.