Msuli wa Kufungulia

"Kujifunga anajifunga," alisema fundi, akivuta kamba. "Shida yake ni kufunguka."

Konyeza wa kitambaa, mfano wa yule mnyama wa ute wa baharini mwenye umbo la mwavuli, mpana kama meza ya kulia, alijikunyata kwenye sakafu ya ukumbi wa maonyesho ya viumbe wa baharini, akabaki hivyo hivyo kama mtu aliyenuna. Watoto ndio watakaokuja kumchezesha, wavute kamba waone konyeza anavyoogelea. Fundi akavuta kamba ya pili, ile aliyoishonea kwa ndani ili imfungue. Ikajisokota na ya kwanza. Sasa konyeza hakujifunga wala hakufunguka. Mtunza matangi, bwana wa buti za mpira na mdomo usiojua kupumzika, alicheka hadi akajishika mbavu.

"Fundi, huyo umemshona au umemtia pingu?"

"Usinicheke. Nionyeshe wa kweli."

Akampeleka chumba cha nyuma, kwenye tangi la duara lenye taa ya buluu. Humo konyeza walio hai walielea, weupeweupe, laini kama wanga uliopoa. Fundi alishona tangu usichana wake: sare, mapazia, magauni ya kila umbo la mwanadamu. Hakuwahi kuona kitu kisicho na mshono hata mmoja kikienda kwa ustadi namna ile. Akasogeza pua mpaka kioo kikapata ukungu.

Mnyama alijibana. Maji yakamtoka kwa chini, naye akapanda. Halafu akatulia, na katika kule kutulia mwavuli wake ukaachia taratibu, ukarudi upana wake wa mwanzo. Akajibana tena. Akatulia tena.

"Msuli wa kubania nimeuelewa," alisema fundi. "Umezunguka huku chini kama mpira wa kiuno cha sketi. Wa kufungulia uko wapi?"

"Hana."

"Hana vipi, na mimi namwona anafunguka?"

"Ute wake ndio unaomfungua. Chukulia sponji. Ukiiminya inanywea, ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Yeye kazi yake ni kubana tu. Tena angalia vizuri: hata akipumzika anasogea kidogo. Maji yanazunguka chini yake, yanamsukuma. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya."

Fundi alikuwa ameinua mkono wake wa kulia mbele ya kioo, anakunja ngumi na kuiachia, anakunja na kuiachia, na mawazo yake hayakuwa tena kwenye maonyesho.

Nyumbani kulikuwa na ngumi isiyoachia. Mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, alipigwa na kiharusi msimu wa mvua uliopita. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, tena yote, na ya kusema watu yakiwa mbele. Mkono wa kulia ukabaki umejifunga. Mtaalamu wa viungo hospitalini aliwaonya kwamba vidole vikiachwa vile vitaganda moja kwa moja, akawapa kibao cha plastiki ngumu cha kuufungia mkono. Mama alikivaa siku moja, akakisukumia uvunguni mwa kitanda.

Kwa hiyo kila asubuhi fundi alimpaka mafuta na kuvibandua vidole kimoja kimoja. "Fungua, mama. Jitahidi." Na mama, ambaye hakuwahi kukutana na kazi isiyokubali kujitahidi, alijitahidi mpaka jasho likamtoka puani. Kadiri alivyojitahidi ndivyo ngumi ilivyokaza. Walimaliza wamenuniana. Fundi aliogopa sana asubuhi ambayo angevuta kidole kisimfuate.

Aliporudi kwenye cherehani yake aliifumua kamba ya pili, akamjaza konyeza sponji ndani. Akavuta, akaachia. Konyeza akapanuka mwenyewe. Fundi alipiga makofi peke yake kama mwendawazimu, kisha akavuta mabaki ya sponji na vile vijiti vyembamba vya plastiki vinavyonyoosha kola za mashati, akaanza kukata kwa kipimo cha kiganja alichokijua kuliko kingine chochote.

Ikawa glavu: sponji kiganjani, vijiti mgongoni mwa kila kidole. Kesho yake alipita kwanza hospitali. Mtaalamu wa viungo aliikunja, akaiachia, akaikunja tena. Akamwambia apunguze kijiti cha kidole gumba, na wajaribu kidogo kidogo.

"Hii nini?" aliuliza mama, fundi alipofika nyumbani. "Soksi?"

"Glavu."

"Hapa gumbani umeshona ovyo."

"Najua, mama. Vaa."

Akamsaidia kuivaa, taratibu, kidole baada ya kidole, akamwekea kiganjani chaki ya kuchorea vitambaa. "Bana." Mama akabana.

"Sasa nifungue?" Taya zake zilishaanza kukaza.

"Hapana. Usifungue."

"Nifanye nini basi?"

"Usifanye kitu."

Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Akageukia dirishani kwa hasira, akaanza kumsema jirani, mwanamke gani yule anaanika mashuka bila kuyakung'uta, na waliomlea walikuwa wapi. Fundi alibana pumzi. Bega la mama likashuka. Kiwiko kikafuata. Ndani ya kitambaa vijiti vilianza kunyooka, polepole, na vidole vikaenda navyo.

Chaki ikaanguka sakafuni, ikakatika vipande viwili.

Mama akaiacha habari ya jirani njiani. Aliangalia chaki, kisha mkono. Haukuwa wazi wote, kidole cha mwisho kilikuwa bado kimejikunja. Fundi alishindwa kujizuia, machozi yakamtiririka na wala hakuyafuta.

"Unalia nini?" alisema mama, na sauti yake mwenyewe haikuwa imara. "Niokotee chaki yangu."

Fundi akainama chini ya meza kutafuta kipande kikubwa. Alipoinuka, mkono wa mama ulikuwa umeshanyooshwa mbele yake, kiganja juu, unasubiri.